Seva inaganda kila saa nne asubuhi, CPU imelala, diski inaonyesha 100%. Nani amewahi kukutana na hii?

#1 MtuWaNyamagana
Wakuu, salaam. Nahudumia seva ya duka la jumla la dawa hapa Mwanza. Ni Debian 11, RAM GB 16, diski mbili za TB 2 za mzunguko 7200 zimefungwa RAID 1 (data ile ile kwenye zote mbili) kwa mdadm, na juu yake programu ya MariaDB yenye kanzidata ya GB 21. Kompyuta 14 za kaunta na stoo zinaitegemea.

Kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa tano kasoro mfumo unaganda. Muuzaji anabonyeza "hifadhi", kioo kinasimama sekunde tano, kumi, wateja wanajazana mpaka mlangoni. Ukifungua top unakuta CPU asilimia 8, wa (muda wa kuisubiri diski) inacheza kwenye 40, load average (kazi zilizo kwenye foleni) 14. Saa tano ikipita kila kitu kinarudi sawa kabisa.

Leo nimeikamata ikitokea. iostat -x 5, saa 4:20 (nimepunguza safu; r ni kusoma, w ni kuandika, await ni milisekunde za kusubiri, aqu-sz ni foleni):

```
      r/s  r_await  w/s  w_await  aqu-sz  %util
sda    22     96     64    241     17.5    100
sdb    25     14     64     18      1.5     58
```

Hiyo 100% maana yake diski imefika mwisho ninunue SSD, au kuna kitu kinaila? Mwenye duka ameshaniuliza, na sitaki kumtoa hela bila uhakika.

#2 Mzee wa Diski
sda inakufa. Badilisha, ulale.

#3 Kurasini_Root
Mzee wa Diski, kwako kila mgonjwa ni wa kuzika tu.

Mkuu, usinunue chochote kwanza. Ripoti ya kwanza inayotolewa na iostat ni wastani tangu mashine iwashwe, haina maana hapa. Hiyo uliyoweka ni ya ngapi? Pia tuwekee safu ya svctm, ndiyo inayoonyesha diski yenyewe inatumia muda gani kwa kila ombi bila kuhesabu foleni.

#4 Bint Ngamiani
Kaka Kurasini, svctm iliondolewa kwenye sysstat, kifurushi chenye iostat, miaka kadhaa sasa. Hata ilipokuwepo, mwongozo ulikuwa unaonya watu wasiiamini, kwa sababu ilikuwa inakokotolewa kutoka kwenye hiyo hiyo %util. Debian 11 haina.

Kuhusu 100%, hapa ndipo wengi tunapojikwaa. %util inapima kitu kimoja: kati ya muda wote uliopita, ni muda gani diski ilikuwa na walau ombi moja mkononi. Haisemi imebeba mangapi. Watu wa Mwanza mtanielewa, kumbukeni kivuko cha Kigongo kabla ya daraja. Kikivuka na gari moja, kiko kazini. Kikivuka kimejaa malori mpaka kwenye mlango, kiko kazini. Aliyesimama ufukweni akaandika "kivuko kiko kazini muda wote" bado hajajua kama kinaweza kubeba zaidi.

Kwa diski ya sahani hiyo 100% inakaribia ukweli, maana vichwa vya kusomea vinasogea pamoja, mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kwa SSD ya NVMe hali ni ya daraja lenyewe: gari moja tu likiwa juu muda wote, %util itasoma 100 na daraja liko tupu. Mwongozo wa iostat unalisema hilo kuhusu RAID na SSD za kisasa.

Kwa hiyo acha %util. Angalia r_await, w_await na aqu-sz. Ni muda wa kusubiri na urefu wa foleni, na hicho ndicho muuzaji wako anachokisikia kaunta.

#5 Kurasini_Root
Nimepokea marekebisho, nilizoea mashine za zamani. Ila wewe wa Tanga, Kigongo umeijulia wapi?

#6 Bint Ngamiani
Nimeolewa Sengerema. Nimelala kwenye hiyo foleni na mtoto mgongoni, nakijua.

#7 MtuWaNyamagana
Shukrani dada. Kurasini, hiyo ni ripoti ya tatu, mbili za kwanza niliziacha.

#8 Hesabu_Kwanza
Ngoja tupige hesabu na namba zake mwenyewe kabla ya kubishana.

Foleni ni maombi kwa sekunde mara muda wa kusubiri. Kwa sda: 22 × 96 = 2,112, na 64 × 241 = 15,424. Jumla 17,536, gawa kwa 1,000 unapata 17.5. Ndiyo aqu-sz aliyoiweka. Namba zinakubaliana, hakukosea kunakili.

Sasa uwezo wa diski. Mzunguko 7200 kwa dakika ni mizunguko 120 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Kwa wastani unasubiri nusu yake, 4.2. Ongeza safari ya kichwa, tuseme 8 hadi 9. Unafika kama 13 kwa ombi moja la kurukaruka, yaani takriban maombi 80 kwa sekunde. sda inafanya 86. Kwa jicho hilo imejaa kweli.

Lakini tazama sdb! Inafanya 89, mengi kuliko mwenzake, na iko 58% huku maandishi yake yanasubiri milisekunde 18 tu. Kwenye RAID 1 kila kinachoandikwa kinaandikwa pande zote mbili, na hapo w/s ni 64 kwa 64. Kazi moja, watu wawili, mmoja anahema. Tatizo si wingi wa kazi peke yake.

#9 Mzee wa Diski
Nilisema kwa maneno machache, Hesabu amesema kwa mengi.

#10 MombasaRoot
Habari zenu huko. Mimi ningeanza na kwa nini saa nne, si saa tatu wala saa sita. Ugonjwa wa diski haujui saa. Kitu kinachokuja kwa saa ni cron, kazi zilizopangiwa saa.

Niliwahi kuitwa na ofisi moja ya mizigo hapa Mombasa. Mfumo wao ulikuwa unakufa kila siku saa nne asubuhi, vivyo hivyo. Nikakuta fundi wa kwanza aliambiwa bekapu ifanyike saa saba usiku. Akaandika 0 7 * * *. Saa saba yake ilipaswa kuwa 1, akaandika 7. Halafu seva iko UTC, na UTC saa 07:00 ni 10:00 ya kwetu, yaani saa nne asubuhi kamili! Makosa mawili yakapandana, bekapu ikawa inaanza wakati makarani wote wameketi. Miaka miwili hakuna aliyeigusa. Angalia timedatectl na crontab zote, ya root na ya kila mtumiaji, na /etc/cron.d.

Halafu stima zikipotea huko kwenu seva inakaa kwa UPS dakika ngapi?

#11 Kurasini_Root
"Stima zikipotea" 😂 Kwa mtu wa Mwanza stima ni meli, na ikipotea ni msiba. Sema umeme mjomba.

Ila hoja ya saa naiunga mkono. Kuna nyingine: Debian ikiwa na mdadm huwa ina kazi ya kukagua RAID nzima, saa 00:57 usiku, Jumapili ya kwanza ya mwezi. Watu wengi hawajui ipo. cat /proc/mdstat wakati inaganda, ukiona "check" umeshapata jibu.

#12 Hesabu_Kwanza
Kurasini, umesema mwenyewe ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Jamaa anaganda kila siku. TB 2 kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde ni kazi ya muda usiofika masaa manne, hata ikipunguzwa mwendo haiwezi kugeuka ya kila siku.

#13 MtuWaNyamagana
Nimekagua yote. timedatectl inasoma Africa/Dar_es_Salaam. Bekapu ni 30 1, saa saba na nusu usiku, inamaliza saa nane na robo, nimeona kwenye logi. mdstat safi, [UU] (diski zote mbili zimo), hakuna check. Kwa hiyo cron si yenyewe, samahani Mombasa.

UPS dakika 20, kisha jenereta.

Ila nimekuta jambo. Nimeweka pidstat -d 5 (inaonyesha kila programu inatumia diski kiasi gani) iandike kwenye faili leo, na mariadbd peke yake ndiyo iko juu, hakuna mwingine. Nikamuuliza mhasibu anafanya nini saa nne. Anafungua "ripoti ya mauzo ya jana na salio la stoo". Kila siku, akishakunywa chai.

#14 DktKanzidata
Sasa tumefika nyumbani kwangu. Ndugu, tuonyeshe innodb_buffer_pool_size, yaani RAM ambayo MariaDB inawekea data ili isiende diskini kila mara. Nina uhakika wa kutosha iko MB 128, maana hiyo ndiyo inayokuja nayo na watu hawaigusi. Kanzidata ya GB 21, RAM GB 16, halafu MariaDB umeipa kikombe cha MB 128 ichotee ziwa. Ripoti ya mhasibu ikianza kupitia jedwali la mauzo, kurasa zote za data zilizokuwa kwenye kumbukumbu zinafukuzwa, na kila muuzaji anayetafuta Paracetamol anapelekwa mpaka kwenye sahani.

Weka GB 10. MariaDB 10.5 inakubali kubadilisha bila kuzima: SET GLOBAL innodb_buffer_pool_size = 10737418240; kisha iandike kwenye faili la mipangilio isije ikarudi. Halafu washa slow query log (logi ya maswali yanayochelewa), uone hiyo ripoti inasoma safu ngapi. Huenda inakosa faharasa moja tu kwenye tarehe.

#15 Nyuki77
Pia innodb_flush_log_at_trx_commit iweke 2. Kila "hifadhi" ya muuzaji sasa inasubiri diski ithibitishe. Ukiweka 2 inathibitisha mara moja kwa sekunde. Utaona w_await inashuka siku hiyo hiyo.

#16 Bint Ngamiani
Nyuki, hiyo ni duka la dawa, kuna hela na kuna namba za bechi. Ukiweka 2, MariaDB ikianguka anapoteza mauzo. Mimi sikubaliani.

#17 Nyuki77
Dada hapo umechanganya na 0. Kwa 2, logi inaandikwa kwa mfumo endeshi kila muamala, kwa hiyo MariaDB ikianguka peke yake data iko salama kwenye kashe ya kerneli. Unapoteza kama sekunde moja ya mauzo ikiwa mashine nzima imezimika, mathalani umeme umekatika na UPS imegoma.

#18 Bint Ngamiani
Sawa, hilo umenirekebisha. Lakini msimamo wangu haujabadilika. Hiyo sekunde moja inaweza kuwa risiti ambayo mteja ameshaondoka nayo. Mwenye duka aulizwe yeye, fundi asiamue kimya kimya.

#19 Chumba_cha_Mitambo
Mimi ni mtu wa vifaa, nitoke kidogo kwenye programu. Mnasema ripoti, ripoti. Sawa, ripoti ndiyo inayoleta kazi. Lakini #8 ameshaonyesha kazi ni moja kwa diski zote mbili na moja tu inaumia. Dkt, kikombe chako cha MB 128 kinaelezaje sdb kuwa mzima?

MtuWaNyamagana, tupe smartctl -a (SMART, rekodi za afya ya diski) ya zote mbili. Mistari minne inatosha: Reallocated_Sector_Ct, Current_Pending_Sector, UDMA_CRC_Error_Count, Power_On_Hours.

#20 MtuWaNyamagana
Hizi hapa mkuu.

sda: Reallocated 0, Pending 8, CRC 412, saa 11,240.
sdb: Reallocated 0, Pending 0, CRC 0, saa 38,900.

Na buffer pool ni 134217728. Dkt ulipatia.

#21 Mzee wa Diski
Sekta nane zimeoza. Mwaka mmoja na miezi mitatu tu kazini! Mnangoja nini?

#22 Hesabu_Kwanza
Si nane, Mzee. SMART inahesabu sekta za baiti 512, diski za siku hizi kwa ndani zina sekta za baiti 4096. 512 × 8 = 4096. Ni doa moja. Tena "pending" maana yake imeshindwa kusomeka, inangoja ama isomeke ama iandikwe upya. Ikiandikwa upya na ikakubali, namba inarudi 0 na maisha yanaendelea.

Ila doa moja hilo hilo linaweza kuwa tatizo lote. Diski za kompyuta za mezani zikikutana na sekta ngumu zinarudia kusoma tena na tena, zinaweza kuchukua muda mrefu bila kutoa jibu, huku kila aliye nyuma kwenye foleni anangoja. Diski za seva huwa zimewekewa kikomo, kwa kawaida sekunde 7, kisha zinasema "nimeshindwa" na RAID inasoma upande wa pili. Tazama smartctl -l scterc /dev/sda. Ikisema Disabled au haitambui, ndugu yangu, hapo pana jambo.

#23 Chumba_cha_Mitambo
Na hiyo CRC 412? Hiyo haihusu sahani kabisa, ni mawasiliano kati ya diski na ubao. Kebo ya SATA. Nimeona kebo zilizokunjwa nyuma ya kasha zikileta hivyo, diski inatuma, data inafika imeharibika, inatumwa tena. Kebo mpya haifiki hata bei ya kilo ya sato.

#24 Kurasini_Root
CRC haifutiki mkuu. Ikishahesabu 412 inabaki 412 mpaka diski inatupwa. Huenda ni za siku ile diski ilipofungwa na kebo haikuingia vizuri. Inabidi aiangalie leo na kesho, ikiwa inapanda ndipo tuilaumu kebo.

#25 Mama_Stoo
Samahani naingilia uzi, nyie watu wa diski nisaidieni dakika moja. Seva yetu df -h inasema / imejaa 100%, nikijumlisha mafaili kwa du -sh napata GB 31 kati ya 50. GB nyingine 19 zimeenda wapi? Nimefuta logi zote kubwa tangu jana.

#26 Bint Ngamiani
Dada, kuzifuta ndiko kulikokuponza. Faili likifutwa huku programu bado imelishika, jina linaondoka lakini nafasi haiachiwi. Piga lsof +L1, utaona "(deleted)" na ukubwa wake. Iwashe upya hiyo programu, nafasi inarudi. Sehemu ndogo ya pengo ni kawaida pia, ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root.

Na siku ikikataa kuandika wakati df -h inaonyesha nafasi ipo, angalia df -i. Vifaili vidogo vidogo vya vikao vya PHP humaliza inodi (idadi ya mafaili yanayoweza kuwekwa) kabla ya gigabaiti.

#27 Mama_Stoo
Ilikuwa rsyslog imeshika faili la GB 17. Mungu awabariki, naondoka.

#28 Usafiri_wa_Data
Nimesoma kurasa zote mbili. Nashangaa hakuna aliyeuliza: kwa nini diski mpya ndiyo inaumwa na kuukuu ya miaka minne na nusu ni nzima? sda ina saa 11,240. Maana yake ilibadilishwa. Je, ni modeli ile ile?

Kama si ile ile, naweka hela yangu kwenye SMR. Ni diski ambazo njia za data zimelaliana kama vigae vya paa ili ziingie nyingi kwenye sahani. Kusoma hakuna shida. Kuandika kigae cha chini kunalazimu kuinua vya juu yake na kuviandika upya. Wenye viwanda wanaficha hilo kwa kuacha eneo dogo la kupokelea maandishi haraka, baadaye, diski ikipumzika, inayahamisha. Ukiandika kwa kurukaruka bila kupumzika eneo linajaa, na hapo unaanza kuona ombi moja likichukua sekunde nzima. Kanzidata ndiyo adui yake namba moja.

Piga hdparm -I /dev/sda | grep -i trim. TRIM ni amri ya kuiambia diski data ipi imefutwa, kwa kawaida ni ya SSD. Diski ya sahani haina sababu ya kuwa nayo, baadhi ya hizi za SMR wanayo. Ukiikuta ni dalili, si hukumu. Hukumu iko kwenye karatasi ya mtengenezaji ya modeli hiyo.

#29 DktKanzidata
Hoja nzuri, ila hata kama ni SMR, nani anayeijaza hiyo sehemu ya mapokezi? Buffer pool ndogo inalazimisha kurasa zilizobadilika zimwagwe diskini mapema na mara kwa mara. Chumba_cha_Mitambo uliniuliza mimi na sdb: sdb anavumilia, sda havumilii, lakini mzigo ni wangu. Ongeza kumbukumbu, mzigo unapungua, mgonjwa anapona hata kama ni dhaifu.

#30 MombasaRoot
Mwenye uzi, hizi zote ni nadharia mpaka upime kwa ukaribu. Wastani unaficha. w_await 241 inaweza kuwa kila ombi linachukua 241, au mengi yanachukua 12 na machache yanachukua sekunde nzima. Ni magonjwa mawili tofauti. Weka kifurushi cha bpfcc-tools, kisha saa nne piga biolatency-bpfcc -mD 10 1.

#31 MtuWaNyamagana
Nimefanya leo saa 4:25. Sijawahi kuona diski hivi. Kwa sda, maombi 702 yako kati ya milisekunde 8 na 15. Halafu mistari inayofuata yote mitupu. Halafu chini kabisa, 96 yako kati ya 1024 na 2047. Katikati hakuna hata moja. sdb yote iko chini ya 63.

scterc: inasema amri haitambuliki. hdparm: TRIM ipo. Na ndiyo, sda ilibadilishwa kabla sijaanza kazi hapa, modeli tofauti na sdb.

#32 Usafiri_wa_Data
TRIM kwenye sahani! Nimemaliza.

#33 Hesabu_Kwanza
Hujamaliza. Vilima viwili vyenye pengo katikati vinaweza kuwa SMR, vinaweza pia kuwa doa linalorudiwa kusomwa. (702 × 12 + 96 × 1500) ÷ 798 inatoa kama 191, karibu na wastani anaouona kila siku, kwa hiyo hayo 96 ndiyo ugonjwa wote. Ila hayatuambii chanzo. biosnoop itakuonyesha namba ya sekta kwa kila ombi. Yakiwa yote mahali pamoja ni doa. Yakiwa yametawanyika, na ni ya kuandika, nitamwachia Usafiri ushindi.

#34 Chumba_cha_Mitambo
Kabla hamjagawana ushindi, jenereta iko wapi? Alisema kuna jenereta. Mwaka 2008 Brendan Gregg, akiwa Sun Microsystems, alipiga kelele mbele ya kabati la diski na ucheleweshaji ukapanda kwenye grafu hapo hapo. Mtikisiko unamtoa kichwa kwenye njia, anasubiri sahani izunguke tena. Diski moja iliyofungwa kwa skrubu mbili badala ya nne inatikisika kuliko jirani yake.

#35 MtuWaNyamagana
Jenereta iko nyuma ya ukuta huo huo wa seva, mkuu. Inawashwa kujaribiwa kila Jumatatu saa nne. Na Jumatatu ndiyo mbaya kuliko zote. Lakini Jumatatu pia ndiyo ripoti ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili.

#36 Bint Ngamiani
Kaka, kabla hujagusa skrubu, kebo wala mipangilio: chukua bekapu ya leo, irudishe kwenye mashine nyingine, fungua mauzo ya jana uyaone kwa macho yako. RAID 1 yenye mguu mmoja mgonjwa, ukikosea kebo ukachomoa sdb badala ya sda, unabaki na mgonjwa peke yake. Andika namba ya serial ya kila diski kwenye karatasi uibandike kwenye kasha.

Na washa kumbukumbu za kudumu. ENABLED="true" kwenye /etc/default/sysstat, washa huduma, itaandika kila dakika 10 kwenye /var/log/sysstat. Ungekuwa nayo tangu mwaka jana, leo tungetazama siku ile sda ilipoingia na kuona kama ugonjwa ulianza naye. Hicho ndicho kinachoniuma kwenye uzi huu wote.

#37 Nyuki77
Au node_exporter na Grafana kabisa, za kukusanya vipimo na kuchora grafu. Gawa rate ya node_disk_write_time_seconds_total kwa rate ya node_disk_writes_completed_total, unapata w_await ya kila diski kwa mwezi mzima kwenye grafu moja.

#38 Kurasini_Root
Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu Jumapili na Jumatatu ikawa nzuri, hutajua umshukuru nani.

#39 MtuWaNyamagana
Mrejesho. Nimesikiliza wote, nimeanza na rahisi. Bekapu nimeirudisha kwenye kompyuta yangu, mauzo yapo. Jumapili nimebadilisha kebo ya sda tu na kukaza skrubu zilizolegea (zilikuwa mbili kweli, Chumba_cha_Mitambo).

Jumatatu: jenereta imejaribiwa, ripoti imefunguliwa, w_await ya sda haikuvuka 31. Jumanne 22. Nikataka kuja kuwashukuru.

Leo Jumatano saa 4:20: 226. Jenereta imezimwa. CRC bado 412, Pending bado 8.

#40 Chumba_cha_Mitambo
Siku mbili si kitu kidogo. Kilichobadilika ni mtikisiko.

#41 Hesabu_Kwanza
Umebadilisha viwili, kebo na skrubu, Kurasini alikuambia kimoja. Na CRC haikupanda kabla wala baada, kwa hiyo kebo naitoa.

#42 Usafiri_wa_Data
Jumapili nzima diski ilipumzika ikahamisha mizigo yake. Jumatatu na Jumanne eneo la mapokezi lilikuwa na nafasi. Jumatano limejaa. Inanikalia sawasawa.

#43 DktKanzidata
Jumapili zote huwa inapumzika, mbona Jumatatu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote? Na buffer pool bado MB 128, hamjaigusa!

#44 MtuWaNyamagana
Nitaigusa Dkt, zamu yake ni wiki ijayo, nafuata neno la Kurasini. Jana usiku nilianzisha smartctl -t long kwenye sda, asubuhi hii bado inasema 60% imebaki. Biosnoop nitaiendesha kesho.

Nimeongea na mhasibu. Amekubali kesho na keshokutwa afungue ripoti saa nane mchana badala ya saa nne. iostat itakuwa inaandika kuanzia asubuhi.

#45 Mzee wa Diski
Agiza diski nyingine huku unasubiri, ya modeli kama ya sdb. Ikifika kabla ya majibu, utakuwa nayo.